Kioo Kisichoonyesha Uso

Waliomuua mume wangu nawajua. Mhubiri alisema juu ya kaburi kwamba ni Mungu amemchukua, nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Mungu hakuwa kontrakta. Wa kwanza ni yule kontrakta wa Nairobi, aliyepeleka vyuma vya dirisha letu kwenye jengo lingine. Wa pili ni nyapara wake, aliyejua na akasema hajui. Majina yao ninayo, lakini siyaandiki. Huyo nyapara ni mtu wa kwetu, watoto wake wanakaa benchi moja na binti yangu kanisani, na mtoto hajichagulii baba. Wa tatu nitamsema nikifika kwake.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza kitabu cha kwanza cha shule na nusu ya cha pili, halafu nikaolewa. Kwa hivyo ukiona nimekosea, soma tu uendelee.

Tulitoka Nunguni kwenda Mutomo kwa lori ya kontrakta, miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili. Mume wangu alikuwa fundi wa matofali ya kuchoma. Kwetu udongo ni mzuri na kuni zilikuwepo, na kila aliyejenga duka au kanisa upande ule alimwita yeye. Mimi nilikuwa mchota maji wake. Mafundi wengine waliona haya kufanya kazi pamoja na wake zao. Yeye aliwaambia, "Simiti yangu haishiki kwa maji ya mtu mwingine." Binti yetu alikuwa ameanza kutembea. Tulimwacha kwa mama mkwe.

Nyumba tuliyoitiwa ilikuwa ya mfanyabiashara wa ng'ombe, Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa kaskazini mashariki. Alikuwa mzee mpole. Alitupa nyama siku ya kwanza kabla hatujashika mwiko, na mpaka leo sina neno naye. Taabu yake ilikuwa moja. Uani kwake wachungaji na madalali walijaa tangu asubuhi, na wanawake wa nyumba yake hawakutakiwa kuonekana na watu hao. Dirisha likifunguliwa, wanaonekana. Likifungwa, wanashona gizani mchana mzima. Sasa alikuwa ameona huko Nairobi ukuta wa matofali ya kioo. Mwanga unapita, macho yanabaki nje. Akasema hata kwake Mutomo anautaka.

Matofali yenyewe yalikuja kwenye masanduku, yamelazwa kwenye nyasi kavu kama mayai. Kila moja lilikuwa na upana wa sahani na unene wa ngumi, zito, na ndani hakuna kitu ila hewa. Yalikuwa ya aina tatu, ili mwenye nyumba achague. Mengine yalikuwa laini kabisa. Mengine yalikuwa na mistari kama shamba lililopigwa matuta. Mengine yalikuwa na uso wa maji yanayopulizwa na upepo.

Fundi mwanamume hakuweza kuingia upande wa wanawake kuyajaribu, basi nikaitwa mimi. Mke mkubwa wa yule mzee alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliketi chini, akaweka tofali la kwanza mbele ya uso wake, mimi nikasimama mlangoni.

"Haya, dada, unaona nini?"

"Nakuona, mama. Hata jino lile la dhahabu naliona."

"Hili tupa! Mzee ataniuza pamoja na ng'ombe." Akachukua la mistari. "Na sasa?"

"Nakuona umekatwa vipande vipande."

"Vipande vingapi?"

"Vingi, mama. Mwili unatosha."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha sindano. Akainua lile la maji na upepo. Nilitazama, nikasogea, nikatazama tena. Palikuwa na rangi nyekundu ya kitambaa chake, inatembea polepole, kama nyanya ndani ya maji. Uso haukuwepo. Macho hayakuwepo. Nikasema, "Hapa sioni mtu. Naona rangi tu."

"Basi ni hilo," akasema. "Wewe ndiye umechagua, dada. Likitushinda tutakulaumu wewe."

Hivyo ndivyo mimi, kwa mdomo wangu, nilivyochagua kioo kisichoonyesha uso.

Jioni ile nilimweleza mume wangu, akapenda sana ile habari ya nyanya. Alishika tofali moja akalielekeza kwenye jua linaloshuka, mwanga ukamwagika kwenye kifua chake. Nunguni ni baridi, unajua, ukungu unaingia mpaka jikoni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na haikuwa na dirisha hata moja. Nikitaka kuona unga ninaosaga, lazima nifungue mlango, na nikifungua mlango mtoto anakohoa. Akaniambia, "Mama Mtoto, nitamwomba mzee moja tu likibaki. Nitaliweka ukutani upande wa kutokea jua. Utasaga mlango umefungwa."

Nikamwambia, "Na nitajuaje kama anayekuja ni wewe?"

"Mimi ni ile rangi ya kahawia inayokuja mbio ikisikia harufu ya chakula."

Tangu siku ile sikutaka kitu kingine. Sikutaka kanga wala blanketi. Nilitaka turudi na lile tofali.

Sasa sikiliza tulivyoanza vibaya. Sisi watu wa Nunguni, tofali la kuchoma hatulijengi kavu. Unalilaza kwenye maji kwanza linywe lishibe, usipofanya hivyo litanyonya maji ya simiti na ukuta utabomoka kama ugali wa jana. Hii ni sheria, tumeikuta kwa baba zetu wa ufundi. Basi mume wangu akaniambia nijaze pipa. Mutomo maji si mchezo. Nilikuwa nikishuka kwenye mto mkavu, nachimba mchanga mpaka kifuani, nangoja yatoke kidogo kidogo, nayabeba mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. Safari sita. Tukayalaza matofali ya kioo ndani, yakakaa tangu asubuhi mpaka jua la saa sita.

Alipoanza kujenga, yaliteleza. Mstari wa kwanza ulikaa. Wa pili ukaogelea. Wa tatu ulipowekwa yote yakashuka upande mmoja kama sabuni. Watu wakacheka. Nyapara, aliyekuwa amekaa kwenye sanduku tupu akila njugu, akasema, "Fundi mkubwa wa Nunguni! Ameogesha kioo, bado kukipaka mafuta!"

Mume wangu alilala kifudifudi, akatazama ule mstari kwa karibu, akalamba kidole. Halafu akanigeukia na uso wa mtu aliyepata jambo. "Hakinywi," akasema. "Mama Mtoto, kioo hakinywi maji. Nimekupa kazi ya bure. Nisamehe."

Mimi nilimtukana kidogo, kwa sababu mgongo ulikuwa unauma. Leo ningeshuka mto ule safari sitini, nikayaogeshe, nimsikie akisema nisamehe.

Alijifunza yote upya, peke yake. Matofali akayafuta kwa kitambaa mpaka yakauke. Simiti akaikoroga ngumu, inayosimama kwenye mwiko. Akajenga mistari mitatu kwa siku, hakuzidisha, akaacha ikauke. Akakata vijiti vya kuweka katikati ili yasikae yakigusana. Pembeni, kioo kinapokutana na ukuta, hakujaza simiti. Alisokota katani akaipaka lami, akaisukuma pale. Nyapara akamuuliza mbona anafungia dirisha kamba kama mbuzi. Akasema, "Jua la hapa linavimbisha kila kitu. Kioo kikikosa nafasi ya kupumua kitapasuka." Hakuna kitabu kilichomwambia. Alisimama siku nzima ameweka kiganja juu ya tofali moja tangu asubuhi mpaka alasiri, akisikia linavyopata moto.

Na ndiyo maana alijua habari ya vyuma. Tofali la udongo hubeba tofali la udongo. Kioo kile ndani ni tupu, hakiwezi kubeba ukuta. Juu ya dirisha lazima vilale vyuma viwili, vibebe matofali ya juu na paa, na kati ya vyuma na kioo iachwe nafasi ya kidole. Mzee alivilipia. Nasema alivilipia, nilimsikia akisema mwenyewe. Lakini kontrakta alikuwa na jengo lingine Mbumbuni, alikuwa na haraka nalo, akavipeleka huko.

Nyapara akasema vitakuja kesho. Kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu akasema, "Vyuma vya nini? Kioo si tofali? Si limeitwa tofali? Jenga juu yake."

"Sijengi," mume wangu akasema.

"Basi rudi Nunguni ukaogeshe mengine."

Alikaa chini siku mbili bila kushika mwiko. Nilijivunia, wacha niseme ukweli, siku ya kwanza nilijivunia. Siku ya pili dereva wa lori akaleta habari kwamba mvua ya kwetu imeanza, na kwamba mama mkwe anauliza nani atapanda, na kwamba mtoto anakohoa. Nikaenda nikakaa karibu naye kivulini.

Wa tatu ni mimi. Nilimwambia, "Baba Mtoto, maliza hii nyumba ya watu twende. Tofali letu mzee ameshasema atatupa. Majirani watakuwa wamepalilia sisi bado tunabishana na nyapara."

Aliokota mwiko. Akasema, "Haya."

Alijenga mistari saba ya matofali juu ya kioo. Hakupiga mluzi, na yeye alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Paa likawekwa. Siku ya nne baada ya paa, asubuhi, nilikuwa nje, upande wa uani, namwaga maji kwenye simiti mpya isikauke haraka. Nikasikia tik. Ikanyamaza. Halafu tik, tik, kama kuni mbichi kwenye moto. Nikamwita. Yeye alikuwa ndani; wanawake walikuwa wamehamishwa mpaka kazi iishe.

"Nasikia," akajibu. "Ondoka hapo. Naleta mti niegemeze."

Sikuondoka. Nilitazama. Upande wa pili wa kioo ile rangi ya kahawia ilikuja, ikapanda, ikasimama, na pembeni yake mstari mrefu mweusi, ule mti. Niliiona inasukuma. Nilitaka kumwona uso nijue kama anaogopa au la. Haukuonekana. Nilikuwa nimechagua vizuri.

Ukuta ulianguka pande zote mbili. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo haukunjiki, na kichwani nina alama ambayo nywele hazioti. Yeye walimtoa chini ya ile mistari saba. Nyapara aliwaambia watu fundi alikosea kukoroga simiti. Alisema hivyo mbele yangu, na mimi nimelala chini, damu bado inatoka. Kontrakta hakufika hata kuangalia. Yule mzee alilia kama mtoto, na ni lori aliyoitafuta yeye iliyotupeleka nyumbani, mimi na maiti.

Kabla lori haijaondoka mke wake mkubwa alitoka. Alitoka uani, mbele ya wanaume wote wale, na sijui kama aliwahi kufanya hivyo kabla. Aliweka kitu mapajani mwangu, kimefungwa kwa kitambaa chake chekundu. Nikapapasa kwa mkono mzima, nikajua ni tofali.

Lilikaa chini ya kitanda miaka miwili. Halafu nikalijenga mwenyewe, kwa mkono mmoja na nusu, kwenye ukuta wa udongo upande wa kutokea jua. Sikulilowesha. Nililifuta kwa kitambaa. Juu yake nililaza mti mgumu ubebe ukuta, nikaacha nafasi ya kidole. Pembeni katani na lami. Limekaa mpaka leo, halijapasuka hata kidogo.

Asubuhi nasaga mlango umefungwa. Watu wanapita njiani kwenda sokoni, nao ni rangi tu: bluu, nyeupe, nyekundu. Siku nyingine inapita ya kahawia, ndefu kidogo, inakuja kwa haraka upande wa nyumba yangu. Binti yangu huniambia, "Mama, fungua mlango uone ni nani."

Namwambia ngoja kwanza unga uishe.