Nilivyopokea Pole za Baba Asiyekuwa Wangu

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa njiani, mtu akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na safari yake, na kuna aibu hii yangu mimi, ya kusimama kwenye makaburi ya watu Mombasa, mchana kweupe, nikipokea pole za mzee ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai wala, kusema kweli, akiwa maiti (nilichelewa, nikakuta wanafukia). Mke wangu mpaka leo hataki niisimulie mbele ya wakwe. Hapa wakwe hawapo, basi sogeeni.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila kazi hiyo nisingefika pale. Mimi ni Mtaita, mtu wa Voi, na ni afisa wa masuala ya siasa katika ubalozi mmoja kule Nairobi, wa nchi ya baridi ambayo leo sitaitaja. Afisa mwenyeji, yaani, si wale wanaokuja na kontena la samani na mbwa wao. Wale hukaa miaka michache, wakianza tu kujua nani ni nani wanahamishwa, na mimi nabaki kumweleza mgeni mpya kwa nini mheshimiwa fulani hamsalimii mheshimiwa fulani. Ndiyo kazi yenyewe: kusoma magazeti, kunywa kahawa na watu, kusikiliza, kisha kuandika ripoti atakayoitia sahihi mtu mwingine. (Kwetu Voi wanaamini natoa viza. Nimeeleza mpaka nimechoka, na kila Krismasi bado naletewa pasipoti.) Si ujasusi hata kidogo. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kujitambulisha: mimi ni fulani, natoka ubalozi fulani, naomba tuzungumze. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo wafanyakazi wapya, nikawatolea na mifano, na uso nimeukunja.

Sasa, wakati huo Mombasa kulikuwa na waheshimiwa wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, waliokuwa hawasemezani tangu uchaguzi uliopita, na uvumi ukaenea kwamba wamepatana kichinichini ili wasimame pamoja. Bosi wangu, Bi. Annika, akataka kujua kama ni kweli. Tukateremka Mombasa, tukazunguka ofisi hadi ofisi tukinyweshwa chai na kuambiwa "tunamwachia Mungu", mpaka tulipopata habari kwamba Mzee Athmani, mfanyabiashara wa viungo wa Kibokoni, amefariki asubuhi na anazikwa baada ya sala ya alasiri. Waheshimiwa wote wawili walikuwa wameoa katika ukoo wake. Lazima wangehudhuria.

Bi. Annika, kwa kuwa wanawake hawaendi makaburini, akabaki hotelini, akaniambia tu, "Nenda ukawape pole kwa niaba yetu." Kuwapa pole. Hakuniambia zaidi ya hapo, na hilo nalisema kwa haki yake. Mimi nikapitia Kuze nikanunua kanzu na kofia kwa haraka, muuzaji akanitazama urefu wangu akaniapia kwamba kanzu itanifika miguuni, haikunifika, nikaenda mazikoni vifundo vya miguu nje kama mtu anayevuka maji.

Mazishi yakaisha, dua ikasomwa, na hapo wafiwa wakajipanga safu ili watu wapite mmoja mmoja kuwapa mkono wa taazia. Mnaijua desturi hiyo: anayesimama kwenye safu ni mwenye msiba, mtoto, ndugu, mkwe. Mimi pia nilikuwa naijua vizuri, nimesoma sekondari Mombasa, sina udhuru. Lakini kwa mtu wa kazi yangu safu ile ni gazeti zima! Nani kasimama karibu na nani, nani kamwachia nani nafasi, nani kampa nani kisogo. Na mle safuni, Mola wangu, yule mrefu na yule mfupi walikuwa bega kwa bega, na walikuwa wananong'onezana.

Nikasogea nyuma yao. Nikasimama kama mtu anayetafakari mauti, shingo nimeinyoosha, sikio limesimama, na nikawa napata neno moja moja tu. Yule mrefu akageuka ghafla, akaniona, nikadhani nimekwisha. Kumbe mwenzangu ana roho nzuri (nje ya siasa), akadhani mimi ni jamaa wa marehemu niliyesukumwa nje ya safu. Akanishika bega akaniambia kwa upole, "Pita mbele, ndugu yangu, usijifiche," akanivuta, akaniweka katikati yao, yeye kushoto kwangu na mfupi kulia.

Hapo ndipo ningesema, "Samahani, mheshimiwa, mimi natoka ubalozini." Maneno machache tu. Lakini nikajiambia, kujitambulisha mazikoni ni utovu wa adabu, nitatoaje kadi mbele ya kaburi bichi? (Adabu gani! Ni umbea umevaa kanzu.) Nikanyamaza, nikainamisha kichwa, nikapokea mkono wa kwanza.

Mikono ikaanza kuja. "Mungu akupe subira, mwanangu." "Pole sana, kijana wetu." "Mzee alikuwa mtu wa watu." Wengine wakanikumbatia. Na mimi, mnavyonijua, machozi yangu yako karibu, nilikuwa nimemzika baba yangu mwaka uliotangulia, na siku ile ya baba nilikuwa nakimbizana na turubai na mahema na wapishi mpaka sikupata kulia vizuri. Sasa mtu mzima amenishika mikono miwili ananiambia baba huwa haondoki, hubaki ndani ya wanawe, nikaachia. Nililia kweli, si maigizo, nikalia mpaka mheshimiwa mfupi akanipa kitambaa chake.

Kisha akafika Mzee Shee, jirani wa marehemu, mtu ambaye katika Kibokoni hakuna kinachozaliwa wala kinachokufa asijue. Akanitazama kofia, akanitazama kanzu, akatazama vifundo vya miguu.

"Na wewe, kijana, u nani wa marehemu?"

Nikajibu, kwa sauti ya kilio, jibu nililoliona la busara kwa kuwa lilikuwa la kweli: "Nimetoka Nairobi, mzee."

Mzee Shee akaachia mkono wangu taratibu sana. "Nairobi," akasema. "Haya."

Sikujua nimesema nini. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba Mzee Athmani, Mungu amrehemu, kwa miaka mingi alikuwa na safari yake ya Nairobi kila mwisho wa mwezi, ati biashara, na mji mzima ulikuwa ukisema kwamba pilipili manga na iliki hazimtoi mwanamume nyumbani kwa uaminifu namna ile. Kilichokosekana kilikuwa ushahidi. Na sasa ushahidi umesimama safuni, mrefu, mweusi, unalia kushinda watoto wa ndoa.

Nikaona habari ikitembea. Kichwa kinainamia kichwa, macho yananijia, kichwa kinainamia kingine. "Pua ile ile," nikasikia mtu akisema. Mwingine akasema eti hata nilivyosimama ni yeye mtupu. Nikataka kuchomoka, nimeshaona tuktuk pale nje ya ukuta, lakini Faraj, kifunguamimba wa marehemu, alitoka mwanzo wa safu akaja moja kwa moja mpaka kwangu, macho mekundu, akanishika mkono. "Sitaki unieleze kitu sasa," akasema. "Kama u ndugu yangu, hutolia pweke yako. Twende nyumbani." Na hakuniachia tena. Jamani, mtu kafiwa na babake, kaambiwa babake alikuwa na siri, na jibu lake ni kunishika mkono! Nilitamani ardhi inimeze, na pale makaburini mashimo hayakukosekana.

Njia nzima mpaka Kibokoni nikawa nataka kufungua mdomo. Nikisema mimi ni nani, kesho mji mzima utasema ubalozi umepeleka jasusi mazikoni, Bi. Annika atarudishwa kwao, na mimi nitarudi Voi kuwaeleza watu kwamba zile viza sasa basi. Nisiposema, kuna mama wa watu aliyefiwa asubuhi, na jioni anaambiwa mumewe alimficha maisha yao yote. Nilijua lipi ni kubwa zaidi. Nilikuwa natafuta tu ujasiri, na ujasiri nao ulikuwa umebaki kule dukani Kuze.

Tulipofika, watu walikuwa wameketi kwenye majamvi uchochoroni, kahawa inapita, na wote wakanigeukia. Waheshimiwa wangu wawili nao wamekaa, shingo ndefu. Mzee Shee akatoka ndani akasema, "Bi. Rukia amtaka kijana."

Bi. Rukia ndiye mjane. Alikuwa ameshaingia eda, na mjane akiwa edani haonani na wanaume ila maharimu zake, yaani wale wasioweza kumwoa, kwa hiyo Faraj akanipeleka mpaka mlango wa ndani, penye pazia zito la kijani, tukasimama, Mzee Shee nyuma yangu. Nyuma ya pazia walikuwa wamejaa kina mama.

"Yuwapi?" ikauliza sauti. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka.

"Yuko hapa, mama," akajibu Faraj.

"Ndoo, mwanangu, sogea. Ukiwa u mwana wa Athmani, basi mimi ni mamako, na baina yetu hapana pazia. Nataka nikuone."

Nikaona vidole vikishika ukingo wa pazia.

Ndugu zangu, mimi si Mwislamu lakini najua haramu nikiiona inakuja. Nikaruka nyuma, nikamkanyaga Mzee Shee, nikapiga kelele iliyosikika mpaka nje: "Mama, usifungue! Mimi si mwanawe! Mimi natoka ubalozini!"

Vidole vikasimama.

"Ubalozi upi tena?" akauliza Mzee Shee, mguu wake mkononi.

Basi nikamwaga yote, kwa sauti kubwa, nikiongea na pazia. Kwamba naitwa Mwakio, baba yangu ni marehemu Mwakio wa Voi, fundi wa reli, hajawahi kuuza hata punje ya iliki. Kwamba sikuwahi kumjua Mzee Athmani. Kwamba nililetwa kutoa pole, nikaingia safuni kwa tamaa yangu tu, ili nisikie waheshimiwa wale wawili wanaambiana nini, na machozi yalikuwa ya baba yangu mimi, na kama kuna wa kutukanwa nitukanwe mimi, si marehemu, maana marehemu hakufanya kosa lolote isipokuwa kwenda Nairobi.

Mara nyuma ya pazia nikasikia sauti nikadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Bi. Rukia alianza kidogo kidogo, kina mama wakamfuata, mpaka Faraj naye akaegemea ukuta akicheka na kulia pamoja, bado ameushika mkono wangu.

"Alhamdulillahi," akasema Bi. Rukia alipopata pumzi. "Basi yeo n'mefiwa mara moja tu."

Nilitoka nje nimeloa jasho. Mheshimiwa mrefu alikuwa amesikia kila neno (uchochoro mzima ulisikia, nadhani hata ile ngome ya Forti ilisikia). Akanitazama kwa huruma. "Kijana, si ungeniuliza tu?" akasema. "Nilikuwa namuuliza huyu dawa ya magoti ainunua wapi. Kusimama kule kumetumaliza." Na mfupi akanitajia duka, tena akanielekeza na njia.

Nikampigia Bi. Annika simu nikamweleza bila kuficha, nikimalizia kwamba nipo tayari kuandika barua ya kuacha kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo walizungumza nini?" Nikamwambia magoti. Akauliza magoti ya nani. Kesho yake alikuja mwenyewe Kibokoni, kajitanda mtandio, akaingia kwa kina mama kutoa pole na kuomba radhi, akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa wanamsimulia upya. Kazi sikufukuzwa. Ila walinzi wa getini ofisini mpaka leo hunipigia saluti wakiniita Mrithi.

Na mimi nikajiwekea nadhiri: mazikoni nakwenda kuzika. Nikifika tu naeleza jina, kabila, mwajiri na nani aliyenizaa, hata kwa mtu ambaye hajauliza. Wengine huniona sina akili nzuri. Afadhali.

Eda ilipokwisha Faraj alinipigia simu, mama ananiita chakula cha mchana. Nikaenda na mke wangu, kwa usalama. Bi. Rukia alikuwa ameketi ukumbini na wanawe, mwanamke mfupi mwenye macho ya uchangamfu, akanikaribisha, akanipakulia biriani kwa mkono wake mpaka sahani ikalalamika. Tukazungumza, tukacheka, tukamwombea mzee. Faraj alipotoka kidogo kuleta maji, Bi. Rukia akanisogelea, akateremsha sauti.

"Mwanangu Mwakio," akasema, "wewe kazi yako ni kusikiliza watu. Huko Nairobi, kweli hujasikia lolote?"

"Wallahi, mama," nikaapa, Mkristo mzima, "sijasikia."

Akanitazama machoni, akatikisa kichwa, akaniongezea nyama.

"Na ukisikia," akasema, "usiniambie."