Wimbo Uliosimamishwa Muhuru

Dorah Bochaberi alilelewa katika kwaya. Baba yake, mzee Motari, aliuza ndizi sokoni Migori wiki nzima, na Jumamosi ikifika akaongoza nyimbo kanisani kwa jicho kali lililomwona hata aliyefungua mdomo bila kutoa sauti. Kwao mtu hakujisifu, na ngoma ya mtaani ilikuwa sababu ya kufunga dirisha. Kwa hiyo alipopelekwa kufundisha muziki katika shule moja ya Muhuru Bay, alikwenda na alichokuwa nacho: noti, sauti nne, na mikono ya kuhesabia mapigo.

Wanafunzi wa Gredi ya Nane walimwonea huruma. Walisinzia kwa adabu. Lakini kengele ya mapumziko ikilia tu, madawati yaligeuka ngoma, na Liz, binti mwembamba ambaye darasani hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona, alichana mistari ya rap kwa Sheng na Dholuo hadi wenzake wakashika vichwa. Siku moja Dorah alibaki mlangoni, akajaribu kuyaandika mapigo yale ubaoni. Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Watoto aliodhani hawawezi kuhesabu hadi nne walikuwa wakipiga vitu ambavyo yeye vilimtoa jasho chuoni.

Basi somo likabadilika. Sasa walichana kwanza, halafu wakaandika noti za walichokichana, na sheria ilikuwa moja tu: matusi hapana. Noti zilizokuwa haziwakai kichwani zikakaa. Dorah mwenyewe akaanza kutembea kwa mdundo kuelekea ofisini, jambo ambalo mzee Motari asingelipenda hata kidogo.

Habari zikawafikia wazazi. Benta, mwenyekiti wao, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, mwenye sauti inayosikika ufuo mzima, alimwambia mwalimu mkuu kwamba hawakuleta watoto shuleni wafundishwe uhuni. Mwalimu mkuu, Bwana Maroa, Mkuria aliyeishi huku ziwani miaka mingi na asiyependa lawama, akatafuta njia ya kujitoa: siku ya wazazi, darasa lichane mbele ya watu wote. Wazazi wakikataa, kipindi cha muziki kinakuwa cha hesabu. Dorah aliogopa wiki nzima, wala hakumficha mtu.

Siku ikafika. Liz alisimama mbele ya viti vya plastiki, madawati mawili yakipigwa nyuma yake, akaanza kuchana kuhusu mama yake anayeanika omena na mvua inayomvizia. Alikuwa amefika ubeti wa pili, sauti imekolea, Benta alipoinuka na kunyoosha mkono juu.

“Chung'!” akasema. Simama hapo.

Madawati yakanyamaza. Dorah alimwona Liz amesimama wima, ameuma midomo, akamhurumia mtoto kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Akaanza kupenya kati ya viti ili amwondoe pale, huku kichwani akitunga maneno ya kuomba radhi.

Benta hata hakumtazama. Alishika kiuno, akawageukia wazazi, akatangaza kwamba yeye ndiye Benta nyar Muhuru, binti wa hapa hapa, ambaye omena zake zimesomesha watoto hadi chuo kikuu, na anayetaka kushindana naye aanze kwa kuamka mapema. Vigelegele vikapasuka. Alipomaliza akampungia Liz mkono aendelee, na madawati yakarudi. Haukupita muda, baba mmoja wa viti vya nyuma naye akausimamisha wimbo, akamsifu shemeji yake, mashua ya shemeji na ng'ombe wa shemeji.

Dorah alikuwa bado katikati ya viti, hajui aende mbele au arudi. Benta akamvuta mkono, akamketisha kando yake. Ndipo alipoeleweshwa jambo ambalo pale lilijulikana na kila mtu isipokuwa binti wa kwaya ambaye hajawahi kukanyaga ngoma ya ohangla: ngoma ikiwakolea, Wajaluo huisimamisha ili wajisifu au wawasifu watu wao, kisha huiacha iendelee. Wenyewe huita pakruok.

“Lakini mama, si ulisema hii ni uhuni?” Dorah aliuliza.

“Nilikuwa sijasikia,” Benta akamjibu. “Mwalimu, wimbo mbaya hakuna mtu husimamisha. Hiyo unawacha tu inaisha yenyewe.”

Dorah alicheka huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Wimbo ule ulisimamishwa mara nyingi hata pilau ya wageni ikapoa. Mwishowe akainuka mwalimu mkuu mwenyewe, akanyoosha tai, kisha mkono. Akatangaza kwamba yeye Maroa, dume la Kehancha, ndiye aliyeona mbali akaleta muziki wa namna hii shuleni, tena tangu mwanzo, na atakayethubutu kukigusa kipindi hicho atakutana naye. Wazazi wote walimsikia. Dorah alikuwa na la kusema kuhusu huo mwanzo, lakini alilimeza, akamwashiria Liz aendelee.