Jezi Yenye Jina la Mdogo Wangu

Mimi nina miaka arobaini na mbili. Klabu inasema nina thelathini na tisa, na kwa hesabu ya magoti yangu nimeshapita sabini. Wananiita Ngongoti. Kila mlango nauinamia, na siku hizi hata ungekuwa mrefu ningeinama tu, kwa aibu.

Habari yenyewe ni hii, nami sitaizungusha. Nilipokuwa na miaka ishirini, kocha wa timu ya vijana aliniona nikicheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji nyuma ya gereji, akanitaka. Tatizo, timu yake ilikuwa ya wasiozidi kumi na minane. "Huna mdogo wako?" akaniuliza, hivi hivi, kama mtu anayeomba kiberiti. Ninaye. Bwana Mdogo, ndivyo tulivyomwita nyumbani, alikuwa na kumi na saba. Nikafungua sanduku la mama, nikatoa cheti cha kuzaliwa cha Bwana Mdogo, nikamwambia nakiazima wiki mbili. Alikuwa anafua soksi zangu. Akasema, "Chukua tu, kaka, usikipoteze."

Kwa cheti kile nikasajiliwa, kwa cheti kile nikapata pasi ya kusafiria, nikaenda kucheza nje, nikarudi, nikacheza tena. Miaka kumi na minane. Ati njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na lami na taa. Na nilikuwa mzuri, sijidai unyenyekevu: mpira ukigonga ubao ulikuwa wangu, na anayebisha akaulize mbavu zake. Watu elfu tatu wanapiga kelele kwa jina la mdogo wangu, mimi nawapungia mkono. Mwanzoni nilikuwa nachelewa kugeuka nikiitwa. Baadaye nikazoea kabisa.

Mwaka wa tatu, nikiwa nje, mama akapiga simu. Bwana Mdogo alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea mitambo nchi nyingine. Alipokwenda kuomba pasi, karani akamwambia pasi ya jina lile na cheti kile ilishatoka, na picha yake ni ya mtu mwingine. "Mmoja wenu ni tapeli," karani akasema. "Nimwite askari tumjue?" Angeweza kunitaja. Akasema amekosea yeye, akaondoka.

"Sasa mwenzako afanyeje?" mama akaniuliza.

"Avumilie kidogo, mama. Msimu ukiisha nitalinyoosha."

Misimu ikaisha kumi na mitano. Yeye akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua karakana ya mageti. Tukikutana ananiamkia kwa heshima, anauliza hali ya magoti. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi, punguani, nikachukulia kwamba yamekwisha. Mama alipokuwa mahututi alinishika mkono, akasema, "Mrudishie mwenzako kilicho chake." Nikaitika ndiyo mama, kama ninavyomwitikia daktari akiniambia nipunguze chumvi.

Mwaka huu klabu ikaniandikia barua. Kwa kuwa nimestaafu mwaka wa nne sasa, jezi yangu itatundikwa juu ukumbini isivaliwe na mtu tena, nami nitapewa kipaza sauti niseme neno. Nikasema basi, ni hapo hapo. Nikaenda karakana. Bwana Mdogo akavua kofia ya kuchomelea, akanisikiliza.

"Keshokutwa nitasema kila kitu," nikamwambia. "Wakitaka kuninyang'anya vikombe, wachukue."

"Mbele ya watu wote?"

"Wote."

Akafuta mikono kwa tambara. "Basi nitakuja, kaka," akasema. "Nitavaa suti."

Akaja na suti, vidole amevisugua hadi vimekuwa vyekundu. Nikamketisha mstari wa mbele. Mwenyekiti akasoma mechi zangu, ubingwa wangu, tarehe ya kuzaliwa isiyo yangu. Kamba ikavutwa, jezi ikapanda hadi juu ya taa. Wenzangu wa zamani walikuwa wanalia, mmoja kaegemea mkongojo. Nikajiambia nikisema, ubingwa wao nao utafutwa. Hicho kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba niliutazama ule umati unavyonipenda, nikaogopa usinipende tena. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Asanteni sana. Sina zaidi." Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Bwana Mdogo naye akapiga makofi, taratibu, macho yakiwa sakafuni. Sijapata kuona haya kama siku ile, na mimi nilishawahi kufunga kikapu chetu wenyewe siku ya fainali.

Mlangoni mpiga picha wa gazeti akatusimamisha mimi na ndugu yangu, akatupiga picha. Akatoa daftari. "Wewe nakujua," akaniambia. "Mwenzako anaitwa nani?"

Bwana Mdogo hakunitazama. Akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa suti, akampa anakili mwenyewe. Kwa urefu wangu huu nikakisoma juu ya bega la mpiga picha. Sura ilikuwa ya mdogo wangu. Jina lilikuwa langu, lile alilonipa baba, ambalo sijaitwa tangu mama afariki. Na tarehe ya kuzaliwa yangu. Cheti changu kilibaki nyumbani bila mwenyewe. Yeye alihitaji kazi, akawa mimi. Ina maana hata watoto wake shuleni wameandikishwa kwa jina langu, na miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza anaishije.

"Kumbe wewe ndiye mkubwa," mpiga picha akamwambia, huku akiandika. "Mbona huonekani?"

"Ndiyo, mimi," mdogo wangu akajibu.

Mpiga picha akanigeukia nithibitishe. Nikaitikia kwa kichwa.