Kidole cha Karani

Karani wa mfuko wa mazingira, ule unaonunua miche yetu, husoma kwa kidole. Hukilamba kwanza, kisha hukipitisha kwenye karatasi taratibu kama mtu anayepalilia. Leo alikuja kitaluni kutusomea sheria mpya, sisi akina mama wa huku mlimani Meru. Mimi sijui kusoma, ila matuta nayajua, na kidole chake kiliruka tuta moja.

“Mwanangu, rudi hapo uliporuka.”

“Hapo hapawahusu, mama.”

“Soma.”

Akajifuta jasho la pua. “Vikundi visivyo na hati ya ardhi vimeondolewa kwenye mpango wa ununuzi wa miche.”

Mbele yetu, kwenye ardhi tusiyo na hati yake, miche elfu nne ilikuwa bado na maji ya asubuhi. Akakibakiza kidole palepale, akaufunika ule mstari, kana kwamba ningeweza kuusoma.