Mahema Kwenye Bajeti

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kaunti ilituita kwenye ukumbi wa kanisa pale Huruma tutoe maoni kuhusu bajeti. Sisi tuliohamia hapa kutoka upande wa ziwa tuliketi karibu na mlango. Tangu vile vita vya baada ya uchaguzi, nyumba yetu ilipochomwa na vijana wenyeji, hakuna mtu hutuambia tukae hapo. Tunakaa tu.

Afisa alisoma mapendekezo, na kila moja likapita kwa makofi. Barabara, makofi. Zahanati, makofi. Niliposimama kuomba taa za mtaa, akasema pesa hakuna. Kisha akasoma: "Mahema na blanketi za dharura."

Tukapiga makofi. Mikono ilikuwa imeshazoea. Halafu makofi yakaanza kufa, kuanzia kwetu mlangoni hadi viti vya mbele.

"Dharura gani?" nikauliza kwa hasira. "Taa hamna, lakini mahema mnayo! Mnangojea nini?"

"Ni mambo ya kawaida tu, Mwalimu," akajibu. "Pendekezo limepita."

Nje nilimkuta jirani yangu, mama mwenyeji aliyetuficha kwake wakati wa vita, tukalala chumba kimoja na watoto wake. Nilidhani ataniambia nipunguze woga. Alinishika mkono, macho yake yakiwa barabarani.

"Safari hii usikimbilie kwangu, Mwalimu," akasema polepole. "Wale watoto wangu sasa ni vijana."