Barua za Mama wa Funguo

Niseme ukweli tangu mwanzo: wifi yangu hajawahi kunikosea kitu. Anasalimia vizuri, anaosha vyombo bila kuambiwa, na mama yangu anampenda mpaka anakera. Lakini Jumamosi ile alipoketi kwenye kochi letu pale Kimara, upande wa kushoto, mahali pangu, nilitamani kochi limmeze.

Lile kochi lina habari yake. Baba alipofariki, mama alishinda dukani kila siku, na Jumamosi nyumba ilibaki ya watu wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa darasa la saba, mimi nimemaliza kidato cha nne na nipo nipo tu. Mjomba alikuwa ametuachia kompyuta kuukuu yenye gemu moja tu, na gemu yenyewe ya kutisha. Humwoni mtu unayemchezea. Unaona mikono yake tu mbele ya kioo, imeshika kurunzi, kama vile ni mikono yako mwenyewe. Umefungiwa kwenye hospitali iliyotelekezwa, una risasi chache, mlango wa kutokea huujui, na kwenye korido anazunguka mama mmoja mwenye shada la funguo. Funguo unazisikia kwanza. Yeye anatokea baadaye.

Tulining'iniza blanketi dirishani saa nane mchana ili pawe giza. Tulitoka jasho kama tuliokimbizwa, tukakaa kochini, yeye kulia na padi ya kuchezea mkononi, mimi kushoto nikiwa mtafsiri. Mtaani kwetu muvi zilitazamwa bandani, na jamaa mmoja mwenye maiki alikuwa anazitafsiri kwa Kiswahili huku waigizaji wakiongea, akitia chumvi kadiri alivyotaka, na hakuna aliyemuuliza. Mdogo wangu alitaka gemu yetu iwe hivyohivyo. Kulikuwa na barua zimebandikwa ukutani, zote za Kiingereza, na yeye aliamini dada yake aliyefika kidato cha nne anakijua. Kiingereza nilipata F. Tuliojua ni mimi na mama tu.

Barua ya kwanza ilikuwa ndefu na sikuelewa hata nusu yake. Wakati huohuo funguo zikalia nyuma yetu, mtoto akatupa padi na kuanza kulia, akisema hachezi tena. Ndipo nikatoa sauti ya yule jamaa wa bandani. Nikamwambia imeandikwa kwamba huyu mama ni dada wa huyu mwenye kurunzi. Walipotezana hapahapa hospitalini wakiwa wadogo, na anafunga milango ili watu wabaya wasimfikie mdogo wake. Ilinitoka tu mdomoni, sijui hata niliitoa wapi.

Akafuta machozi. "Kwa hiyo hatudhuru?"

"Hakudhuru. Anakutafuta tu."

Tangu siku hiyo hakumpiga yule mama hata risasi moja. Nilimwambia tukimpiga tutapita haraka, akagoma. "Mie simpigi dada wa mtu," alisema. Tukawa tunakimbia, tunajificha kabatini, tunakamatwa, tunaanza upya, na kila ukuta wenye barua nilitunga kipande kingine. Ilituchukua miezi. Tulipoona mlango wa kutokea alinikumbatia kwa nguvu, na mimi nilijiona mtu wa maana kuliko wote wa Barabara ya Morogoro.

Kiingereza nilikuja kujifunza baadaye, kwa masomo ya jioni, kwa sababu kazi ya mapokezi ninayofanya Mikocheni inakitaka. Siku moja nikafungua ile gemu peke yangu nikasoma barua zote. Yule mama alikuwa mkuu wa wauguzi. Aliwafungia wagonjwa wodini kisha akawasha moto. Hakuwa dada wa mtu yeyote. Nilizima kompyuta, na sikumwambia mdogo wangu, wala sikukusudia kumwambia. Ile hadithi ilikuwa yetu, na yangu zaidi.

Mwaka huu ndipo nyongeza ikatoka. Watengenezaji wa gemu hufanya hivyo, wanaongeza kipande cha hadithi kwenye gemu ya zamani. Katika nyongeza hii mchezaji anakuwa yule mama mwenyewe, kabla ya mambo yote, na mikono unayoiona ndiyo iliyoshika funguo. Mdogo wangu, ambaye sasa ni fundi kompyuta na amepanga huko Madale, alinitumia ujumbe: "Dada, nyongeza imetoka! Jumamosi naja na kompyuta. Blanketi lipo?"

Nililifua blanketi, mtu mzima mie. Nilijua nyongeza ingeweza kuniumbua, lakini nilijipanga: maadamu nasoma mimi, nitatunga mimi. Nilitaka ile saa moja ya kukaa naye kochini kuliko nilivyoogopa aibu.

Akaja na kompyuta, na mchumba juu yake. Mwalimu wa sekondari. Somo analofundisha: Kiingereza.

"Shikamoo wifi," akasema huku akipiga goti kidogo, ingawa kanizidi urefu na sidhani kama namzidi sana umri.

"Marahaba," nikajibu, na sauti yangu niliisikia mwenyewe ilivyo kavu.

"Nilimsimulia habari za gemu yetu, akasema lazima aione," mdogo wangu akasema, anacheka. Gemu yetu, na kaisimulia! Halafu akapiga kochi kwa kiganja upande wa kushoto, na mwenzangu akaketi. Mimi nikavuta stuli ya jikoni nikakaa pembeni kama mgeni aliyekuja kuomba maji.

Blanketi likapanda dirishani. Mikono ikatokea, na funguo safari hii zikalia mikononi mwetu. Mdogo wangu akaitembeza mpaka kwenye barua ya kwanza, kisha akasema, bila hata kunigeukia, "Haya mwalimu, tafsiri."

Akainama mbele kusoma. "Huyu ni muuguzi mkuu," akaanza. "Anaandika majina ya wagonjwa ambao—"

"Hapana, bebi. Huyo ni dada yake yule jamaa wa kurunzi. Dada yangu hapa alishasoma barua zote za mwanzo."

Wifi akanitazama. Nikatazama feni. Ningeweza kusema pale pale, kwa kicheko, na yangeisha. Nilinyamaza, na hata leo najua sikunyamaza kwa aibu peke yake. Nilitaka akosee yeye. Nilitaka wabishane, aonekane mjuaji, arudi kwao na Kiingereza chake.

Akarudisha macho kwenye kioo. "Ee, kweli. Nimeruka mstari," akasema. Kisha akasoma taratibu: "Mdogo wangu, leo nimejifunza sauti ya kila ufunguo. Ukiwa gizani usikilize. Huo wenye kulia mzito ndio wa chumba chako, na nikiutikisa ujue bado nipo."

Kwenye kioo palikuwa na majina ya wagonjwa na vipimo vya dawa. Niliyaona vizuri, maana sasa najua kusoma.

Mdogo wangu akaacha kubonyeza padi. "Kumbe ndiyo maana zilikuwa zinalia," akasema polepole. "Alikuwa ananiita." Jicho lake lililokuwa upande wangu lilikuwa limelowa. Miezi yote ile ya kutunga, mimi sikuwahi kuwaza kwa nini funguo zinalia.

Nikaona wivu ambao sijawahi kuuona maishani. Kunichukulia nafasi kochini ningesamehe. Huyu alichukua uongo wangu, wa kwangu mwenyewe, akausema vizuri kunishinda, tena kwa ajili ya kunisitiri.

Naye alijua. Kwenye barua ya pili akageuka, akaniambia kwa upole, "Wifi, hii soma wewe."

Nikajiweka sawa kwenye stuli, nikafungua mdomo.

"Mwache aendelee yeye," mdogo wangu akasema, macho kwenye kioo. "Anasoma vizuri."

Nikainuka, nikasema naenda kutazama wali. Ulikuwa umeiva zamani, na nilikuwa nimeshauepua.