Pikapu Fupi ya Bahadur

Mume wangu Bahadur hununua kwanza, hupima baadaye. Ndivyo alivyonunua nyumba yetu ya Malvern, hapa Toronto, kisha kabati la mama yake likagoma kupita mlangoni, na mpaka leo linakaa gereji limejaa makopo ya rangi. Ndivyo alivyonunua koti la harusi ya mwanetu Murad, mikono yake ikamfika kwenye kucha. Kwa hiyo theluji ilipoyeyuka mwaka huu na yeye akarudi nyumbani anachekacheka, akasema amepata tela la kulala, lina jiko, lina choo, lina vitanda, sikuuliza kama ni zuri.

"Umelipima?" niliuliza.

"Nimelipima kwa macho, Mama Murad."

Nyumbani kwetu Kikachi, lugha ya mababu zetu wa India, ni cha wazee na dua, Kiingereza ni cha wajukuu na benki, na Kiswahili ni cha kugombana. Siku hiyo tulizungumza Kiswahili mpaka chakula kikapoa.

Lakini kabla sijamsema zaidi, acha nieleze ni mtu gani. Bahadur alizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Kaka zake walipelekwa kusomea uhasibu. Yeye alikimbilia malori. Baba mkwe wangu alikufa akiamini kwamba mtoto wake mwenye leseni ya lori ni hasara ambayo haiandikiki popote. Kijana akawa anabeba pamba kutoka Maswa na Shinyanga, lori na tela lake, na pembeni yake amekaa utingo wake, Msukuma mmoja aitwaye Masanja. Wakenya humwita utingo taniboi. Ndiye anayeshuka kuweka jiwe nyuma ya tairi, ndiye anayemwongoza dereva akirudi nyuma, na mambo yakiwa sawa hugonga bodi mara mbili, maana yake twende. Bahadur amesahau siku ya kuzaliwa kwangu mara nyingi kuliko alivyoikumbuka, lakini Masanja alipenda chai ya namna gani anakumbuka.

Tulipohamia huku Toronto aliendesha teksi, kisha tukafungua duka la sufuria na mabakuli kule Scarborough. Yeye aliendesha gari la mzigo, mimi nilisimama kwenye kaunta, nikaagiza, nikauza, nikawafokea waliochelewesha mizigo. Nyuma ya duka palikuwa na kichochoro chembamba. Kila alipokuja na mzigo nilitoka na shali juu ya sweta, theluji ikinipiga usoni, nikamwita arudi nyuma: njoo, njoo, kata, simama. Hakuwahi kusema asante. Bahadur hajui kushukuru kwa mdomo, na kuomba ndiyo kabisa. Tangu anioe hajawahi kusema ananihitaji. Husema, "Funguo ziko wapi?" na mimi nimejifunza kuelewa.

Kisha mwenye jengo akalibomoa ajenge maghorofa, na duka likafa. Bahadur alipata kazi ya kujitolea kupanga magari kwenye maegesho ya jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, akavalishwa kizibao cha kung'aa, akafurahi. Mimi nikawa mgeni wa heshima kila mahali, na mgeni wa heshima hapewi hata kisu cha kukatia kitunguu. Kwa Murad, mkwe wangu ananiambia, "Mummy, kaa upumzike." Nimepumzika mpaka nimechoka. Kuna siku nilifungua maji bafuni nikalia, ili Bahadur asisikie, kwa sababu niliona kwamba nikitoweka hakuna kitu kitakachosimama.

Kwa hiyo aliposema anataka tuende na tela lile taratibu mpaka Calgary kwa binti yetu Almina, tukilala njiani kwenye maziwa na misitu, mimi nilijiona nitakavyokuwa: nimekaa, nimefungwa mkanda, nabebwa. Friji, godoro na mimi Nilofar.

"Mimi siendi," nikasema. "Sikuzaliwa niwe mzigo."

Alidhani nitabadilika, kama hali ya hewa.

Wa kwanza kuona kosa alikuwa Murad. Tela lile si la kufungwa kwenye bampa. Shingo yake hupanda juu ya bodi la pikapu na kukalia kiungo cha chuma kilichofungwa katikati ya bodi, kama tela la lori kubwa. Bodi likiwa refu, hakuna neno. Likiwa fupi, dereva akikata kona kali, bega la tela linakuja mbele na kuingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini. Murad alikuja kutoka Mississauga na futi yake, akapima bodi la pikapu ya baba yake, akapima tena, akasimama anajikuna kichwa.

"Dad, ni fupi. Iuze, nunua ndefu."

"Ndefu haiingii kwenye maegesho ya jamatkhana."

"Basi rudisha tela."

Bahadur akamtazama kana kwamba amemwambia arudishe mtoto. Mwenye tela, bwana mmoja wa Richmond Hill, alikuwa bado amelihifadhi kwenye yadi yake na alimpa nafasi ya kubadili mawazo mpaka mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni kutafuta kiungo kitakachokubaliana na bodi fupi.

Jumamosi tukaenda Mississauga, sisi watatu, kwenye duka la vifaa vya matela. Mimi nilikwenda kwa sababu Murad alisema nisipokwenda, Baba atarudi na nanga ya meli. Muuzaji alikuwa dada mmoja, Jennifer, mwenye buti za kazi na subira nyingi. Alituonyesha viungo vitatu. Cha kwanza hakisogei. Hicho, alisema, ni cha bodi refu, msikiguse. Cha pili kinateleza kwenye reli zake: kabla ya kona kali unafunga breki za tela, mtu anavuta mpini, pikapu inasogea mbele kidogo, tela linabaki nyuma, mbali na kioo. Ukimaliza kona unakirudisha mahali pake. Cha tatu kinafanya yote hayo chenyewe, dereva amekaa anakunywa kahawa.

"Hicho cha tatu," nikasema papo hapo. Bahadur aliwekewa goti la chuma mwaka juzi. Kwake kushuka kwenye pikapu na kupanda tena ni safari ndani ya safari.

Yeye alikuwa ameinama kwenye kile cha pili, anashikashika mpini. "Hiki kinataka watu wawili?"

"Mmoja anaweza," Jennifer akasema, "ila atakuwa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda. Wawili ni rahisi zaidi."

"Na hiki kingine?"

"Hiki hakimhitaji mtu mwingine yeyote. Ndiyo raha yake."

Bahadur akakitazama kile cha tatu jinsi anavyotazama chakula cha hospitali. Mimi nikaenda msalani nikijua shughuli imekwisha. Niliporudi alikuwa amelipia cha pili, cha mpini, na Murad amesimama pembeni ameshika kiuno.

Nilinuna kutoka Mississauga mpaka Malvern, na hiyo si njia fupi. Moyoni nilimwita bahili. Tulipofika nikamwita kwa sauti. "Goti lako unalijua, na bado unachukua cha mpini kwa kuokoa vijisenti! Nani atauvuta?"

"Atapatikana."

"Mchukue Murad."

"Murad ana kazi."

"Basi nenda peke yako, Baba Murad. Mimi nimeshasema."

Akanyanyuka, akaenda gereji, akakaa huko na kabati la mama yake. Kesho yake nikamsikia anaongea na Murad kwenye simu, sauti imemshuka. Alisema kiungo kikishafungwa watakwenda kujaribu kulitoa tela kwenye yadi. Likitoka salama, atalichukua. Likishindikana, analirudisha, na pikapu anaiuza, na hataki kusikia tena habari za Calgary. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, na nikazidi kumkasirikia kwa hilo.

Siku yenyewe nilikwenda kwa sababu ya chai. Ndivyo nilivyojiambia. Mtu hawezi kuacha mume na mtoto wasimame kwenye yadi ya Richmond Hill na upepo ule bila chai, kwa hiyo nilibeba thamosi, mogo wa kukaanga, yaani muhogo, na bakuli la chevdo, karanga na dengu za pilipili, nikaketi kwenye kiti cha kukunja karibu na ukuta, nimejifunika shali. Mgeni wa heshima.

Tela lilikaa kwenye kiungo bila tabu. Tabu ilikuwa geti. Ukitoka unakata kulia mara moja, kushoto kuna uzio, mbele kuna mashua ya mtu imefunikwa turubai. Murad alisimama nyuma, simu mkononi, anapiga kelele.

"Left, Dad! No, no, your other left!"

Bahadur shingo yake haigeuki sawasawa. Alikuwa anatazama kioo hiki, anatazama kile, anakanyaga mafuta, anakanyaga breki. Mpini ule hakuna aliyeukumbuka. Niliona bega la tela linakuja. Likaja, likaja, mpaka kati yake na kioo cha kebini pangepita kiganja tu, na nyuma ya kioo kile kilikuwepo kichwa cha mume wangu chenye nywele chache nyeupe.

"Simama!" nikapiga kelele. "Bahadur, simama hapo hapo!"

Alisimama. Chevdo yote ilimwagika. Sikumbuki nilivyovuka yadi, nakumbuka tu kwamba nilimsukuma Murad pembeni.

"Funga breki za tela! Umefunga?"

"Nimefunga!"

"Murad, weka kabari kwenye tairi, acha simu!" Nikashika mpini kwa mikono miwili, nikavuta. Umeganda. "Rudi nyuma unywele mmoja, umebanwa!" Pikapu ikatikisika, nikavuta tena, mpini ukaja na mimi nikaja nao, nusura nikae chini. "Sasa mbele! Taratibu! Taratibu... hapo!"

Chuma kikalia ndani ya bodi na kujifunga. Kati ya tela na kioo sasa angepita mtu.

Murad akatoa kabari. "Fungua breki," nikamwambia Bahadur. "Rudi. Nyoosha. Rudi. Simama! Sasa kata kulia, kata yote, njoo. Njoo, njoo, njoo, usiogope mashua, naiona mimi, njoo!"

Na yule mtu, ambaye habadilishi hata stesheni ya redio nikimwomba, alikata nilipomwambia kata na akasimama nilipomwambia simama. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa anacheka. Meno yote nje, kama kijana wa pamba. Tela likapita geti bila kugusa uzio wala turubai, likanyooka barabarani, tukakirudisha kiungo mahali pake, breki, mpini, nyuma kidogo, kikajifunga. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa grisi na shali imeharibika, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Naisema wazi: furaha. Sikuwa nimefokea watu namna ile tangu duka lilipofungwa.

Murad alikuja akinipa karatasi za kufutia mikono, anatikisa kichwa. "Mummy, yote haya ya nini? Kile cha kujisogeza, Jennifer alitaka kumpa Dad kwa bei ile ile. Kuna mteja alikirudisha, hakijatumika hata kidogo. Wewe ulikuwa msalani. Dad akakataa, mimi mpaka leo sielewi."

Nikaacha kufuta mikono.

Nilizunguka pikapu mpaka kwenye dirisha lake. Alikuwa amelishusha, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele barabarani kama anasubiri taa.

"Kwa nini hukuchukua kile cha tatu?" nikamuuliza.

Nilidhani ataniuliza funguo ziko wapi.

"Kile hakina utingo," akasema.

"Na ndiyo nini?"

Sikio lake lilikuwa limekuwa jekundu. "Ningefika Calgary bila kukuhitaji, Nilu," akasema, bado anatazama barabara. "Nikifika hivyo, nafika kufanya nini?"

Nikalia pale pale, hadharani, bila bomba la maji la kunificha. Yeye akanyoosha mkono nje ya dirisha akanifuta shavu, na kwa kuwa alikuwa ameshika kwanza mkono wangu wenye grisi, akanipaka weusi uso mzima.

"Utingo wako huyu," nikasema nilipoweza kusema, "anakula kabla ya dereva."

"Masanja naye alikuwa hivyo hivyo."

Nikamwachia Murad kiti cha kukunja na chevdo ya kuokota. Nikachukua thamosi na mogo, nikapanda upande wa pili, nikafunga mkanda. Kisha nikashusha kioo, nikatazama nyuma mpaka mwisho wa tela letu, nikatoa mkono nje, nikagonga mlango mara mbili.

Bahadur akaondoa gari.